Bwana Yuko Wapi Tunapokimbia? Mafundisho ya Maandiko juu ya uwepo wa Mungu wakati wa taabu



Hakuna kusanyiko la mashariki mwa nchi yetu ambalo halijui maana ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji wa Goma, na tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2.200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mwanzoni mwa Mei 2023 maji yalishuka kutoka milimani, yakafagia Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe, na watu zaidi ya 400 wakafa. Mwaka 2024 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalihesabu zaidi ya watu milioni 7 waliohama makwao ndani ya nchi yetu. Mwishoni mwa Januari 2025 vita vikaingia Goma, na katikati ya Februari vikafika Bukavu. Watu waliokuwa wamekaa katika kambi za kando ya Goma kwa miaka wakalazimika kuondoka tena, wengine wakirudi vijijini ambako hawakukuta nyumba wala shamba.

Katika mambo hayo yote, sisi tunaohudumu makanisani tumesikia swali moja likiulizwa kwa njia nyingi: Je, Mungu ametuacha? Wengine wanaliuliza kwa sauti. Wengine wanaacha tu kuja ibadani, na hilo nalo ni swali.

Makala hii inakusanya pamoja mafundisho makuu ya Biblia juu ya jambo hili, ili yawasaidie wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa wamama na wa vijana, na kila baba au mama anayeongoza maombi ya nyumbani. Msomaji aifungue pamoja na Biblia yake.

1. Swali la Gideoni

Tuanze na Waamuzi sura ya 6, kwa sababu hali iliyoelezwa pale tunaijua. Kwa muda wa miaka saba Wamidiani walikuwa wakiingia katika nchi wakati wa mavuno. Waliharibu mazao, wakachukua kondoo, ng’ombe na punda. Wana wa Israeli waliacha nyumba zao wakajificha katika mapango ya milimani. Gideoni alikuwa akipura ngano ndani ya shinikizo la zabibu, mahali ambapo hakuna mtu anayepuria ngano, ili adui asiuone unga wake. Mkulima wa Masisi au wa Rutshuru anayevuna maharagwe yake kabla hayajakomaa, kwa kuogopa kwamba kesho mtu mwenye bunduki atayavuna, anaelewa habari hii bila mhubiri kumfafanulia.

Hapo malaika anamjia na kumwambia kwamba Bwana yuko pamoja naye. Gideoni hasemi amina. Katika mstari wa 13 anauliza: ikiwa ni kweli, mbona haya yote yametupata? Yako wapi matendo makuu ambayo baba zetu walitusimulia?

Tuangalie jibu la Mungu. Hamkemei Gideoni kwa sababu ya swali lake, wala hamwiti mtu asiye na imani. Anamgeukia, anamtuma, na katika mstari wa 16 anarudia ahadi ileile: atakuwa pamoja naye. Swali la mtu aliyeumia halimfukuzi Mungu. Kwa hiyo kanisa lisimfukuze mwenye kuliuliza.

Ni kweli kwamba sura hiyohiyo inasema Israeli walikuwa wametenda maovu mbele za Bwana. Kwa habari ya kizazi kile, Mungu mwenyewe ndiye aliyetoa sababu kwa kinywa cha nabii. Sisi hatuna ruhusa ya kuichukua sababu hiyo na kuibandika juu ya kila msiba. Tutarudi kwa jambo hilo katika sehemu ya nne.

2. Ahadi hii hutolewa wakati gani

Mtu akizipitia sehemu zote za Biblia ambamo Mungu anasema kwamba yuko pamoja na mtu fulani, ataona jambo la ajabu. Mara nyingi sana ahadi hiyo haitolewi kwa mtu aliyestarehe kwake. Hutolewa kwa mtu aliye njiani, mtu anayeogopa, au mtu aliyepewa kazi inayozidi nguvu zake.

Isaka aliisikia katika Mwanzo 26, baada ya njaa kumhamisha na baada ya wenyeji kumnyang’anya visima kimoja baada ya kingine. Yakobo aliisikia katika Mwanzo 28, akiwa mkimbizi aliyelala chini na jiwe likiwa mto wake, akiogopa kuuawa na ndugu yake. Musa aliisikia katika Kutoka 3 alipoona kwamba hawezi kusimama mbele ya Farao. Yoshua aliisikia baada ya kifo cha Musa. Yeremia aliisikia alipojiona kuwa mtoto tu. Paulo aliisikia usiku huko Korintho, katika Matendo 18, wakati hofu ilipotaka kumfunga kinywa. Na wanafunzi wa Yesu waliisikia mwishoni mwa Injili ya Mathayo, walipokuwa watu kumi na mmoja waliotumwa kwa mataifa yote.

Habari ya Yusufu inafundisha zaidi. Katika Mwanzo 39 mwandishi anasema mara nne kwamba Bwana alikuwa pamoja na Yusufu. Mara mbili za kwanza Yusufu ni mtumwa katika nyumba ya Potifa. Mara mbili za mwisho amefungwa gerezani kwa shitaka la uongo. Angalieni kwamba kati ya hizo mbili za kwanza na hizo mbili za mwisho, hali ya Yusufu ilizidi kuwa mbaya. Hata baada ya hapo, mnyweshaji wa mfalme alimsahau, akakaa gerezani miaka miwili mizima zaidi. Hatuwezi basi kuupima uwepo wa Mungu kwa kuangalia kama mambo yanaendelea vizuri. Yusufu angetumia kipimo hicho, angesema Mungu alimwacha Kanaani.

3. Mungu mwenye hema

Watu waliofukuzwa makwao wana jaraha jingine ambalo wengine hawalioni. Wameacha kanisa walilojenga kwa mikono yao, mahali walipobatizwa, makaburi ya wazazi wao. Mtu anaweza kufikiri kwamba Mungu amebaki kule.

Maandiko yanajibu hofu hii tangu mwanzo. Israeli walipokuwa wakizunguka jangwani, Mungu aliamuru ajengewe hema, si nyumba ya mawe. Neno la Kiebrania kwa hema lile linatokana na neno lenye maana ya kukaa. Lilikuwa na nguzo, vitanzi na mapazia ambayo Walawi waliweza kufungua na kubeba. Sanduku la agano lilikuwa na pete na miti ya kulibebea, na katika Kutoka 25:15 Mungu aliagiza miti ile isiondolewe kamwe. Watu walipong’oa hema zao, hema la Bwana liling’olewa pamoja nazo.

Baadaye Sulemani alijenga hekalu, na watu wakaanza kudhani kwamba Mungu amefungwa pale. Ndipo mwaka 597 kabla ya Kristo kundi la watu wa Yuda likachukuliwa kwenda Babeli, na Ezekieli alikuwa mmoja wao. Waliobaki Yerusalemu walisema juu ya wale waliochukuliwa kwamba wako mbali na Bwana, na kwamba nchi sasa ni mali ya waliobaki. Habari hiyo iko katika Ezekieli 11:15. Tunaomba kila kusanyiko lisome mstari huo polepole, kwa sababu hata leo wako watu wanaochukua mashamba ya waliokimbia, na wako wanaosema kwamba mkimbizi amelaaniwa.

Katika mstari wa 16 Mungu anawajibu. Anakubali kwamba watu hao wametawanyika mbali, lakini anasema kwamba yeye mwenyewe amekuwa patakatifu kwao katika nchi walizokwenda. Ezekieli alikuwa amekwisha kuona jambo hilo kwa macho. Kando ya mto Kebari, katika nchi ya ugeni, alionyeshwa kiti cha enzi cha Mungu, na chini yake kulikuwa na magurudumu yanayokwenda kila upande. Mungu hakubaki Yerusalemu akingoja watu wake warudi.

Yohana 1:14 inalimaliza fundisho hili. Neno alilotumia Yohana kusema kwamba Neno alikaa kwetu, katika Kigiriki lina maana ya kupiga hema. Naye Mathayo anatuambia kwamba mtoto huyo, aliyeitwa Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi, alibebwa usiku na wazazi wake kukimbilia Misri kwa sababu Herode alitaka kumwua. Mama aliyekaa chini ya turubai huku amemshika mtoto mgongoni anaweza kuambiwa kwa haki kwamba Bwana wetu alipita hapo.

4. Uwepo wa Mungu si dawa ya kuzuia risasi

Sasa tunafika mahali pagumu. Katika nchi yetu wapiganaji wengine hunyunyiziwa maji au kuchanjwa dawa, wakiamini kwamba risasi haitawapata. Akipigwa mmoja, wanasema alivunja sharti. Tunapaswa kujichunguza, maana mahubiri mengine katika makanisa yetu yanafanana na hayo: omba vizuri, toa sadaka, funga, na nyumba yako haitaguswa. Ikiguswa, mtu anaambiwa imani yake ilipungua. Hapo amepoteza nyumba, na sasa anapoteza na Mungu wake.

Tusome Matendo sura ya 12. Herode alimkamata Yakobo ndugu ya Yohana akamwua kwa upanga. Kisha akamkamata Petro, na malaika akamtoa gerezani usiku. Wote wawili walikuwa mitume. Wote wawili walipendwa na Bwana. Luka hasemi kwamba Yakobo alikosa imani, wala hasemi kwamba kanisa halikumwombea. Waebrania 11 inafanya vivyo hivyo: katika mstari wa 34 wako walioepuka makali ya upanga kwa imani, na katika mstari wa 37 wako waliouawa kwa upanga, na imani ni ileile.

Vijana watatu katika Danieli 3 walilijua hilo kabla ya kutupwa motoni. Walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipofanya hivyo hawataisujudu sanamu.

Tarehe 15 Januari 2023, siku ya Bwana, bomu lililipuka katika kanisa la Kipentekoste huko Kasindi wakati wa ibada ya ubatizo, na ndugu zetu wakafa pale. Mwezi Julai 2025 makumi ya waumini Wakatoliki waliuawa Komanda, katika Ituri, walipokuwa wamekusanyika usiku kanisani. Mtu akiuliza walikosa nini, na apelekwe kwa Luka 13. Watu walimletea Yesu habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua walipokuwa wakitoa dhabihu, yaani watu waliouawa katika ibada. Yesu mwenyewe akaongeza habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Mambo hayo mawili ni kama yetu: jeuri ya wenye silaha, na msiba usio na mtu wa kumlaumu kwa wazi, kama mlima au maji. Kwa yote mawili Yesu alikataa kabisa kusema kwamba waliokufa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine. Aliwageuzia walio hai wito wa kutubu. Waliokufa aliwaacha mikononi mwa Mungu.

Basi ahadi ni nini? Warumi 8:35 inataja mambo saba: dhiki, shida, adha, njaa, uchi, hatari na upanga. Paulo haahidi kwamba hayatatupata. Anasema kwamba hakuna hata moja kati yake lenye nguvu ya kututenga na upendo wa Kristo. Na anayesema hivyo, kama mapokeo ya kanisa yanavyoshuhudia, mwishowe aliuawa kwa ajili ya Kristo.

5. Ruhusa ya kulia

Wengi wetu tulifundishwa kwamba Mkristo hodari halii. Kitabu cha Zaburi hakifundishi hivyo. Kati ya Zaburi 150, karibu theluthi moja au zaidi ni maombi ya watu wanaolia. Tukiimba za shangwe peke yake, tumefunga sehemu kubwa ya kitabu ambacho Mungu alitupa kwa ajili ya siku kama hizi.

Zaburi ya 13 ni fupi, ina mistari sita tu, nayo inafaa kufundisha njia. Katika mistari miwili ya kwanza mwombaji anamwuliza Bwana mara nne, hata lini. Katika mistari miwili inayofuata anaomba: amwangalie, amjibu, ayatie macho yake nuru asije akafa. Katika miwili ya mwisho anatangaza kwamba ametegemea fadhili za Bwana, naye ataimba. Tuangalie kwamba shida yake haijaisha alipofika mwisho. Kilichobadilika ni kwamba ameileta mbele ya Mungu badala ya kuibeba peke yake.

Lakini tusimlazimishe mtu afike mwisho huo upesi. Zaburi ya 88 haina mwisho wa kuimba. Inafunga katika giza, rafiki wakiwa wametengwa mbali. Kanisa la zamani halikuiondoa katika kitabu wala halikuiongezea mstari wa furaha. Kitabu cha Maombolezo nacho kimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania katika sura nne za kwanza, kana kwamba mwandishi alitaka kulia huzuni yake yote toka herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Maneno mazuri juu ya rehema za Bwana zilizo mpya kila asubuhi yako katikati, sura ya 3, na baada yake kilio kinaendelea.

Bwana Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, hali akijua kwamba baada ya muda mfupi angemwita atoke. Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia jambo lilelile: angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Ni malalamiko juu ya uwepo wake. Hakukasirika. Na msalabani alichukua mwanzo wa Zaburi ya 22 kuwa maombi yake. Mtu anayejisikia ameachwa na Mungu anaomba maombi ambayo Mwana wa Mungu aliyaomba.

6. Jinsi Mungu anavyotunza

Zaburi ya 121 ina mistari minane, na ndani yake neno moja la Kiebrania lenye maana ya kulinda au kutunza linarudi mara sita. Watu wengine wanangoja utunzaji huo uje kwa njia ya mwujiza tu. Maandiko yanaonyesha njia nyingine pia.

Katika 1 Wafalme 19 Eliya alikimbia Yezebeli, akakaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumpa fundisho kwanza. Alimwacha alale. Kisha malaika alimgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Safari ya siku arobaini na sauti ndogo ya Horebu vilikuja baada ya hapo. Hajiri naye, katika Mwanzo 21, alikuwa amemweka mtoto chini ya kijiti asimwone akifa. Mungu alimfumbua macho akaona kisima. Mjakazi huyo mgeni, katika Mwanzo 16, ndiye wa kwanza katika Biblia kumpa Mungu jina: Mungu anayeniona.

Mkate, maji na usingizi vilikuwa utunzaji wa Mungu. Basi anayepeleka bidoni ya maji na sahani ya bugali na sombe kwa familia iliyofika jana usiku asiseme kwamba anafanya kazi ya kimwili huku wengine wakifanya ya kiroho.

Denis Mukwege, ambaye baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste huko Bukavu, amesimulia kwamba alipokuwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamwuliza kwa nini hawampi dawa pia. Baba akamwambia kwamba yeye si mganga. Mtoto huyo akaamua kuwa daktari. Mwaka 1996 wagonjwa waliuawa vitandani katika hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi. Mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanzishwa chini ya kanisa la CEPAC, na wanawake maelfu wamepata matunzo pale. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Maombi ya baba na mikono ya mwana havikupingana.

Mfano mwingine ni wa Beni na Butembo wakati wa Ebola. Tuliacha kupeana mikono, tukanawa kwenye milango ya makanisa, na hatukuweza kuosha wala kugusa wafu wetu. Mama akiugua alitengwa na mtoto wake. Ndipo waliopona ugonjwa huo wakaitwa kuwalea watoto hao, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga. Waliweza kuwabeba na kuwalisha wale ambao wengine waliogopa kuwagusa. Katika 2 Wakorintho 1:3-7 Paulo anarudia neno la faraja karibu mara kumi, na anasema kwamba Mungu hutufariji ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Waliopona wa Butembo walitupa maelezo ya mistari hiyo.

7. Maneno ya kuepuka penye kilio

Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku saba. Walikaa naye chini, wasiseme neno, kwa maana waliona huzuni yake ni kubwa. Walipofungua kinywa ndipo walipopotea, na katika Ayubu 42:7 Mungu aliwakasirikia. Kwa hiyo tunashauri:

Usimwambie mtu kwamba Mungu alitaka mtoto wake afe. Hukuwapo katika baraza la Mungu.

Usimwambie kwamba kuna wengine walioumia kuliko yeye. Huzuni haipimwi kwa mizani.

Usimwulize mwanamke aliyebakwa alipita njia gani na saa ngapi. Msikilize kama anataka kusema, tunza siri yake, na umsindikize upesi kwenye kituo cha afya, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72.

Usimwambie mwanamume asilie kwa sababu ni mwanamume.

Usimwahidi kwamba atarudi kwake mwezi ujao. Yeremia 29 ni barua kwa watu ambao manabii wa uongo waliwaahidi kurudi upesi. Mungu aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto, kwa kuwa ingekuwa miaka 70. Ahadi ya tumaini katika mstari wa 11, ambayo tunapenda kuiandika ukutani, imo ndani ya barua hiyo.

Desturi yetu ya kilio inatufundisha lililo bora. Majirani wanakuja, wanaketi, wanaleta kuni na unga, wanalala hapo usiku. Wengi hawasemi kitu. Mfiwa hakumbuki mahubiri ya siku ile, lakini anakumbuka nani alikuja.

8. Njia ya juma moja

Kwa nyumba au kikundi kinachotaka kutembea katika mafundisho haya, tunapendekeza hivi. Jumatatu, someni Waamuzi 6 mpaka mstari wa 16, na kila mmoja aseme swali lake kwa Mungu bila mwingine kumjibu. Jumanne, someni Zaburi ya 13 na kutunga pamoja maombi yenye sehemu zake tatu. Jumatano, someni Ezekieli 11:14-20 na kuwaombea kwa majina waliotawanyika mbali nanyi. Alhamisi, someni 1 Wafalme 19 na kuamua ni nani mtakayempelekea chakula. Ijumaa, someni Matendo 12, na kuwakumbuka waliokufa pamoja na waliookoka. Jumamosi, tembeleeni mtu mmoja aliyeacha kuja ibadani, si kwa kumkemea. Siku ya Bwana, someni Warumi 8 kutoka mstari wa 18 hadi mwisho, na kumega mkate kama kanisa linavyofanya.

Kusanyiko lililo na wageni waliokimbia liwape nafasi ya kuomba kwa lugha yao na kuimba nyimbo za kwao. Mwaka 2025, wakati benki za Goma zilipofungwa kwa miezi na watu wenye akiba hawakuweza kuifikia, yalikuwapo makusanyiko yaliyogawana kidogo kilichokuwapo, na waliofika kama wageni wakawa wapishi na waalimu wa watoto. Mkimbizi asiwe mpokeaji tu. Na yeye ana karama.

Maombi

Ee Bwana, wewe unayehama pamoja na watu wako, tunakuita kutoka nyumba zetu na kutoka nyumba zisizo zetu. Unajua majina ya waliozikwa bila sisi kuwaona. Unajua walipo wale ambao hatuwajui walipo. Hatuelewi kwa nini wengine walipona na wengine hawakupona, na hatutasema kwamba tunaelewa. Tupe mkate wa leo, usingizi wa usiku huu, na mtu wa kukaa naye. Wahukumu wanaomwaga damu, na uwageuze. Utulinde tusichukue shamba la aliyekimbia. Utufundishe kuketi na wanaolia kama wewe ulivyoketi nasi. Kwa jina la Yesu Kristo, Imanueli wetu. Amina.